Tumbo Mupya na Bukari ya Shangazi Yako

Feza, mama yangu,

Usisome hii barua ukiwa na njaa, na usiisome na kikombe mukononi. Soma ukishamaliza vijiko vyako, wakati tumbo iko inatulia. Nitakuchekesha kidogo, na wewe na mimi tunajua kwamba tumbo iliyoshonwa haipendi kicheko cha nguvu.

Ninaandika katika daftari yako ya zamani ya jiografia. Nimekaa nyuma ya nyumba, swala ya alasiri imekwisha, na mama yako anafikiri niko ninatengeneza kufuli ya valizi yako ya safari. Ile kufuli ilishapona tangu asubuhi. Baba yako aliacha masomo mwaka wa tano wa primeri, lakini aliacha kwa hiari yake, na siku ile mwalimu alilia. Alilia kwa furaha, lakini alilia. Makosa ya kalamu uyasahihishe kimyakimya, wewe mwalimu wa sekondari.

Mambo ya safari sitayarudia. Mama yako amekuambia mara saba dawa ziko wapi na shuka ziko wapi. Karatasi ya yule binti wa chakula, anayewapangia wagonjwa mlo kule hospitali ng'ambo ya Tanganyika, unayo, tena umeifunga ndani ya plastiki. Kesho asubuhi unapanda gari. Pikipiki nimekataa, tumbo ya majuma tano tangu kisu haipandi pikipiki kwenye ile barabara. Unakwenda Kabambare kufundisha, na utakaa kwa dada yangu, shangazi yako Zaina. Mimi niko na jambo moja tu.

Juzi nilipita karibu na jiko nikakusikia ukimuuliza mama yako kwa sauti ya chini: "Mama, kule kwa shangazi, si afazali nijipikie mwenyewe?"

Mama yako alisogeza kuni. Mimi nilikwenda nikakaa ku choo muda murefu bila kazi yoyote.

Ulikuwa Bukavu ku masomo ile siku nilipoanguka. Ulisikia vile kila mutu alisikia: Selemani Kamio alirudi safari, dada yake akamupikia, akaanguka mbele ya watu. Halafu wanashusha sauti. Leo usikie kwa mwenye tumbo.

Unakumbuka vile nilikuwa, lakini hujui vile nilijivunia. Watu walinibandika jina la Kamio, lori la mizigo, na mimi nililivaa kama medali. Kule Nyangwe wavuvi wanaeleza mpaka leo siku waliyonichomea samaki mumoja wa watu wanne. Nilimumaliza, nikanawa mikono, nikauliza: "Sasa chakula kiko wapi?" Niliona tumbo yangu kama bendera ya biashara. Mutu akiiona inatangulia kona ya nyumba, anajua kwamba mawese na muchele vinatembea. Nimefika Kigoma, nimefika Dar, nimefika Dubai. Dubai nililala siku mbili uwanja wa ndege, lakini Dubai ni Dubai. Kote huko sikuona mutu wa kunishinda mbele ya sahani.

Kile ambacho sikuonyesha watu ni kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya sukari. Sikusema kwamba ninaswali juu ya kiti, kwa kuwa nikienda chini, watu watatu wanahitajika kunirudisha. Siku moja nilisimamisha kijana wa pikipiki pale karibu na msikiti mukubwa. Akaniangalia, akaangalia matairi yake, akasema: "Papa Kamio, samahani, wewe uite kamio mwenzako." Kila mutu alicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikipumzika kila nyumba ya tatu, nikijifanya ninasalimia wenyewe. Siku ile watu wa Kasongo walisema Kamio amekuwa mutu wa heshima sana.

Ndiyo nikaamua kwenda kupasuliwa. Wakate tumbo ya chakula, wabakishe kamrija kama ndizi ndogo, vile vile walivyokufanyia wewe. Lakini niliwaambia watu kwamba ninakwenda kutafuta bidhaa. Mama yako peke yake alijua, nami nilimuapisha asiseme. Niliona aibu, Feza. Mutu mwenye sifa ya kula, aende kukatwa ili asile? Kwetu hapa watu wanahangaika kutafuta kitu cha kuweka mu tumbo, na mimi niende kuipunguza? Niliona watanicheka mpaka kaburini, na kaburini wataleta chakula, waseme hiki angekipenda.

Juma la kwanza, yule binti wa chakula aliniletea maji katika kikopo cha dawa. Nikameza mara moja. Nikasema, "Aksanti, sasa leta glasi." Akasema, "Baba, hiyo ilikuwa ya robo saa, na ulipaswa kuinywa kidogo kidogo." Mutoto wa juzi! Nikamuuliza kama anajua ninaitwa nani kwetu. Akasema hajui, na tumbo yangu pia haijui. Siku hizo ni maji, supu ya kuku iliyochujwa mpaka ikafanana na maji ya kunawa, na chai ya rangi bila sukari. Nililia mbele ya ile supu. Mama yako akafikiri ni maumivu. Ilikuwa harufu ya kitunguu.

Siku ya tisa nilimutuma mufagiaji aniletee sukre, ile ya rangi ya machungwa yenye gesi. Nilikunywa funda mbili tu. Gesi ilijaa mu ule murija mudogo, ikatafuta mulango, haikupata. Nilishika ukuta kama mama anayezaa. Na juma la pili, lilipofika la maziwa na uji mwepesi wa soya, niliona uji hauna maana bila sukari, nikatia vijiko vitatu vya mezani. Kabla kikombe hakijafika nusu, jasho lilinitoka, moyo ukapiga kama ngoma ya arusi, miguu ikawa ya mutu mwingine. Binti akaja, akaonja uji wangu, akaniangalia. Akaumwaga. Wewe ulipopasuliwa ulikunywa uji wako bila sukari kama mutu anayesaini karatasi, nami nikasema huyu ana akili ya mama yake, Mungu ashukuriwe.

Sasa tufike siku ya kumi na sita.

Nilirudi kwa ndege ndogo mpaka Kindu, halafu gari. Karatasi yangu ilisema juma la tatu ni vitu vya kusaga: samaki aliyepondwa bila muiba, maharagwe yaliyovuliwa maganda, yai laini. Vijiko vitatu au vinne, na maji mbali na chakula, nusu saa kabla na nusu saa nyuma. Niliisoma ile karatasi ndani ya gari, kisha nikaikalia.

Ku nyumba nikakuta watu wamejaa mu lupango, uwanja mzima. Unajua desturi yetu sisi wa baba yangu. Mutu akirudi safari ya mbali, dada yake ndiye anapika, si muke wake. Dada anakata tonge la kwanza, anaonja mbele ya watu wote, anakata la pili, anamutia ndugu yake mukononi. Ukila, umerudi. Ukikataa, unakuwa umesema mbele ya watu kwamba mu ile chungu iko kitu kibaya. Kukataa hakuna maana nyingine. Na Zaina alikuwa mupishi wa Kasongo nzima. Hakuna arusi, ya Waislamu wala ya Wakristo, iliyokosa chungu zake.

Alisimama mbele yangu na bukari, ule ugali wake wa muhogo, inatoa moshi, na sombe, majani ya muhogo, inang'aa mawese, na nyama. Akaonja. Akasema, "Sele, umekonda. Huko walikunyima chakula?"

Mu ile dakika, mutoto wangu, nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema. Dada, nilipasuliwa tumbo. Yeye angeweka sahani chini, angetukana hospitali, angetukana mimi, na kisha angekwenda kunisagia samaki. Namujua. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu arobaini, na mumoja alikuwa anasema, "Angalia, Kamio atalamba sahani mpaka maua yake yafutike!" Nikasema, "Dada, leta. Huko walikuwa wananipa chakula cha ndege."

Nikala matonge matatu. Haraka, vile nilivyozoea. Na glasi ya maji juu yake.

Bukari ya muhogo, Feza, haikai kimya. Inafura. Inashikamana. Ilifika pale juu ya murija ikasimama kama gari lililozama mu matope, na maji yakaja nyuma yake, na sombe nyuma ya maji. Nilisikia kifua kinapasuka. Niliinuka, nikataka kusema ninakwenda kunawa, nikaanguka juu ya mukeka katikati ya sahani. Nikatapika mate, mate, mate. Na juu ya kichwa changu nikasikia sauti ya mwanamuke, sijui nani mpaka leo: "Sumu! Amepewa sumu!"

Nilifungua macho nikamuona dada yangu. Alisimama na ule mwiko, anaangalia watu, watu wanamuangalia. Hakuna mutu aliyesogea karibu naye. Hata mimi nilifunga macho tena.

Nililazwa siku sita, maji ya mushipa, docta wetu akipiga simu kwa ule aliyenipasua. Mishono haikufunguka, kwa rehema ya Mungu tu. Nilipotoka, habari ilikuwa imeshafika mpaka Lusangi huko mbali. Na mimi ningeweza kuizima kwa neno moja. Kila asubuhi nilisema leo nitaizima. Lakini kuizima ni kusema nilikatwa tumbo, kisha nikaja kuila bukari kwa majivuno. Nikasema ilikuwa malaria. Nani anaamini malaria inayokuja na tonge la tatu?

Watu waliacha kumuita Zaina ku arusi. Hawakumutukana. Walisema tu wameshapata mupishi. Baada ya miezi mitatu alifunga vyombo vyake akarudi Kabambare, ku shamba la marehemu mume wake. Nilimutumia magunia mawili ya muchele. Aliyarudisha, na yule dereva aliyeyarudisha akaniambia, "Alisema wewe ndiye una njaa." 

Hilo ndilo kosa langu, Feza. Sukre ilikuwa ujinga wa tumbo. Hili jingine nilifanya nikiwa na akili zote.

Sasa acha nijisifu, maana nimekaa chini ya ile aibu kurasa mbili na mgongo unaniuma. Nilijifunza kula nikiwa na miaka hamsini na sita, kama mutoto anayeota meno. Nilijua kwamba yai laini ni rafiki wa kweli, na yai kavu ni mwizi. Nilijua kwamba samaki wa Lualaba akichemshwa na nyanya, akapondwa kwa uma, anapita bila kubisha hodi, lakini huyo huyo akikaangwa anasimama njiani kuuliza vitambulisho. Ndagala, wale samaki wadogo, wakisagwa ndani ya uji, hapo utasikia nguvu mu magoti. Avoka kijiko kimoja, papai iliyoiva kijiko kimoja, lakini kwanza kile kinachojenga mwili, samaki, yai, maharagwe, ndiyo vinavyotangulia, maana nafasi ni ndogo na mugeni wa maana anaingia kwanza. Muchele nilijaribu juma la sita nikajuta, ulijikusanya humo kama mukutano wa siasa. Bukari niliigusa tena mwezi wa tatu, kipande kama kidole gumba, nikatafuna mpaka taya zikaomba likizo. Wewe usinifuate mu tarehe. Uliza karatasi, uliza docta. Tumbo yako ni ya kwako.

Na leo? Leo kidonda kimefunga. Dawa za sukari docta amenipunguzia mpaka kidonge kimoja. Ninaswali chini, kwenye mukeka, paji la uso kwenye udongo, na ninainuka peke yangu, na mara ya kwanza nilipoinuka hivyo shekhe alipoteza hesabu ya rakaa. Pikipiki inanibeba mimi na debe la mawese. Nimetembea na mama yako kwa miguu mpaka Nyangwe, na wavuvi hawakunijua, wakamuuliza mama yako kama ameolewa tena.

Halafu ulikuja wewe na sukari yako na pumzi yako fupi, nikakufungulia siri ya kisu lakini si tarehe yake, ukasema, "Baba, na mimi ninakwenda." Uliporudi nilikuambia ujibu watu kwamba ulikuwa ku mafunzo. Wewe ukacheka. Ukaenda ku soko, ukasimama mbele ya wamama wa muchele, ukasema, "Nimepasuliwa tumbo, imebaki kama ndizi. Msinipe kitu kigumu." Nilijificha nyuma ya magunia nikingoja kicheko. Walicheka, kweli. Halafu mumoja akakupa mayai matatu, mwingine akakuuliza kama inauma, mwingine akasema dada yake pia ana ile sukari. Ndiyo ilikwisha hapo. Kitu nilichokiogopa miaka mbili kilichukua muda wa kumenya chungwa.

Basi juzi nikakusikia ku jiko. Na leo, saa tano, mama yako akifikiri nimekwenda kulipia nafasi yako mu gari, nilikwenda ku soko, nikapanda juu ya mizani ya muchele, ile kubwa ya magunia. Nikavua shemizi.

"Papa Kamio, vaa! Unaharibu soko!" Ni yule kijana wa pikipiki, nani mwingine.

Nikawaonyesha zile alama tano ndogo. Nikasema kwa sauti ambayo unaijua: "Hizi ni alama za kisu cha docta. Nilipasuliwa tumbo siku kumi na sita kabla ya ile karamu, nikaficha. Nilikatazwa bukari, nikala matonge matatu, kwa kiburi. Dada yangu Zaina hakunipa sumu. Sumu nilijipa mimi, kwa mukono wangu, kisha nikamuachia yeye jina. Anayetaka kucheka, acheke mimi."

Hawakucheka. Hilo lilinitisha kuliko kicheko. Mama Odette, yule anayeuza muchele mbele ya duka langu, akasema, "Sasa umeshatuambia sisi. Yeye umemuambia?"

Nikatoa simu. Nikaweka sauti kubwa ili kila mutu asikie, nami nisipate njia ya kukimbia.

"Nani amekufa?" Zaina ndivyo anavyojibu simu.

"Hakuna, dada."

"Sasa unanipigia muchana kwa sababu gani?"

Nikamuambia yote, vile nilivyowaambia watu, nikiwa juu ya mizani, kifua wazi. Nilipomaliza nilifikiri rezo ya simu imekatika. "Dada?"

"Niko. Miaka mbili, Sele."

"Ndiyo, dada."

"Miaka mbili mugeni akiingia kwangu, anangoja wajukuu wangu wale kwanza."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulinitumia muchele."

Feza, sijawahi kukosa jibu tangu nilipozaliwa mpaka pale, na soko nzima inashuhudia. Halafu Zaina akasema, "Ule docta alikata tumbo, akasahau kukata mudomo," na soko ikapasuka kwa kicheko, na mimi nikalia, kifua wazi, juu ya mizani, watu wakinipiga mgongo.

Mama Odette akaninyang'anya simu. "Ma Zaina! Ni mimi. Binti yangu anaolewa tukishavuna. Ninataka chungu zako. Uko na nafasi?"

Kila mutu alikuwa ameinamia ile simu ndogo.

"Nafasi niko nayo," dada yangu akasema. "Lakini kwanza niko na mutoto anafika kesho, iko na tumbo ya majuma tano. Muniambie, anakula samaki ya kuponda ao bado ya kuchuja?"

Ya kuponda, Feza. Nimemuambia. Nenda ukale.

Baba yako,
Selemani